Kemia Saa Nne, Maabara Saa Moja

Khirbat al-Tin, Tafila
9 Novemba 1995

Mwanangu Suheir,

Asalaam aleikum. Sisi huku wazima, isipokuwa baba yako ana mafua, na mafua ya baba yako unayajua, nyumba nzima inaugua pamoja naye. Mama yako anauliza kama unakula. Mimi najua unakula. Ninachouliza ni kama unakula kitu zaidi ya mkate na chai.

Msimu wa zeituni umeanza. Kinuni tunakamua tangu alfajiri, nami nimekaa na vichupa vyangu vya kupimia asidi ya mafuta, wanaume wazima wamepanga foleni wananibembeleza niandike namba ndogo, maana asidi ikipanda bei inashuka. Juzi alikuja Abu Raed na madebe matano. Debe moja la zeituni zilizochumwa kwa mkono, asidi yake moja. Madebe manne ya zeituni alizookota chini baada ya kulala wiki nzima, asidi nne. Anataka yote yaingie pipa moja. Akaniambia, "Andika mbili na nusu, Inshirah. Moja na nne ni tano, gawa kwa mbili, tumalize." Nikamwambia, "Wee Abu Raed, debe moja litapiganaje na madebe manne likatoka sare?" Nikamfanyia hesabu mbele ya watu: debe moja mara asidi moja ni moja, madebe manne mara nne ni kumi na sita, jumla kumi na saba, gawa kwa madebe matano, unapata tatu nukta nne. Kaondoka amenuna, na mpaka leo salamu yangu haiitikii.

Nakuandikia kwa sababu simu ya dukani kwa Abu Ghaleb haifai kwa maneno ya watu wawili. Ukishika tu mkono wa simu, Abu Ghaleb anaacha hata kupima sukari ili asikie vizuri. Wiki jana mke wa Abu Raed kampigia dada yake, na kabla ya adhuhuri kijiji kizima tulikuwa tunajua shemeji yake ana bawasiri.

Niambie masomo yanakwendaje. Kemia hasa. Usinifiche.

Shangazi yako,
Inshirah


Amman, bweni la wasichana
2 Desemba 1995

Shangazi yangu mpenzi,

Waaleikum salaam. Mafuta na zeituni ulizotuma zimefika, na wenzangu wa chumbani wanakuombea dua kila wanapochovya mkate. Baridi ya huku ni kali, hita yetu ya mafuta ya taa inanuka kuliko inavyopasha. Mwambie mama nakula.

Masomo mazuri. Kiarabu nakipenda sana, mwalimu wake ni mcheshi. Kiingereza kigumu kidogo lakini nakwenda nacho. Hisabati nzuri. Maabara nzuri mno, mwalimu kanisifu mbele ya watu. Mpe pole Abu Raed.

Mwanao,
Suheir


Amman
3 Februari 1996

Shangazi,

Ramadhani njema. Matokeo ya muhula wa kwanza yametoka. Nimemwandikia baba pia, lakini wewe nakuandikia kirefu kwa sababu utauliza.

Alama ya juu kabisa hapa ni nne, A. B ni tatu, C ni mbili, D ni moja, na F ni sifuri. Mimi nimepata: maabara ya kemia A, Kiarabu B, Kiingereza C, hisabati C. Kemia yenyewe haikwenda vizuri, nimepata F, lakini ni somo moja tu. Nne na tatu na mbili na mbili na sifuri ni kumi na moja. Gawa kwa masomo matano. Wastani wangu ni 2.2. Chuo kinataka mbili, kwa hiyo nimevuka.

Karatasi rasmi yenye wastani bado hawajatupa, ila hesabu si ngumu. Sikukuu nitakuja. Kuniandalia usijisumbue.

Suheir


Khirbat al-Tin
11 Februari 1996

Mwanangu,

Nimefurahi kupata barua yako. Baba yako kapona, sasa mama yako ndiye anayekohoa. Mvua imenyesha siku tatu na mbuzi wamelala ndani pamoja nasi.

Nimeisoma barua yako mara mbili, kisha nikachukua kalamu. Suheir, umefanya hesabu ya Abu Raed. Hayo masomo matano si madebe matano yanayolingana. Kila somo lina saa zake za wiki, na saa hizo ndizo uzito wake. Kemia ni saa nne na maabara yake ni saa moja, haya hayabadiliki. Kiarabu, Kiingereza na hisabati ni tatu tatu. Sasa zidisha kila alama kwa saa zake. Maabara nne mara moja, pointi nne. Kiarabu tatu mara tatu, tisa. Kiingereza sita. Hisabati sita. Kemia sifuri mara nne ni sifuri, lakini saa zake nne zinabaki zimekaa pale chini zinakungoja. Pointi ishirini na tano, saa kumi na nne. Gawa.

Mimi nimepata 1.79. Naomba niwe nimekosea. Ukiipata karatasi rasmi uniambie.

Usilie. Njoo sikukuu, nimekutunzia jibini.

Shangazi yako


Amman
3 Machi 1996

Shangazi,

Hujakosea. Ni 1.79, na chini yake wamepiga muhuri wa onyo. Nikimaliza muhula huu wastani wangu wa jumla ukiwa bado chini ya mbili, naondolewa chuoni. Ndivyo ilivyoandikwa.

Barua yako nilikuwa nayo mkobani sikukuu nzima. Nilipofika nyumbani nikakuta sinia la kunafa tamu yenye shira na watu wamejaa sebuleni. Baba kaisoma barua yangu, kaona "2.2", na kwa kuwa cheti cha shule tangu enzi zao huandika umekuwa wa ngapi, kaamini binti yake amekuwa wa pili chuo kizima. "Wa pili na ushee!" anawaambia watu. Abu Ghaleb akanishika mkono, akasema mwakani nitakuwa wa kwanza. Nikakutazama wewe. Ulikuwa umekaa karibu na mlango unakunywa chai. Hukusema neno.

Na mimi sikusema. Lakini mimi ni mtoto, Shangazi. Wewe mkubwa ungeweza kusema.

Na swali lingine. Wewe saa za kemia umezijuaje? Sikukuandikia. Baba anasema uliacha chuo mwaka wa pili ili umtunze bibi, na kwamba ulikuwa mwerevu kuliko wote. Mambo ya onyo na saa na pointi umeyatoa wapi kwa haraka hivyo?

Suheir


Khirbat al-Tin
14 Machi 1996

Mwanangu mpenzi,

Nyumbani wote hawajambo. Mlozi wa nyuma ya kinu umechanua, na baba yako kanunua koti jipya kwa ajili ya kukutembelea wewe, wa pili wake.

Una haki ya kunikasirikia. Nilikaa mlangoni nikanywa chai. Sina la kujitetea.

Saa za kemia nilizisikia zamani. Tuyaache hayo, kuna la maana zaidi. Lazima umejiandikisha kuirudia kemia muhula huu, na kama hujajiandikisha basi sikufahamu tena. Lakini sikiliza vizuri: kurudia peke yake hakutoshi. Kuna karatasi ya kurudia somo, unaichukua dirishani kwa msajili na kuijaza kwa jina lako, somo, na alama uliyopata mara ya kwanza. Ukiijaza, F ya zamani inafutwa pamoja na saa zake nne. Usipoijaza, F inabaki na alama mpya inaongezwa juu yake, na saa za kemia zinahesabiwa mara mbili. Ni sawa na kumwaga mafuta mazuri katika pipa ambalo hujatoa yale mabovu. Uliza tarehe ya mwisho. Jaza karatasi. Niandikie kwamba umeijaza.

Shangazi yako anayekupenda


Amman
18 Aprili 1996

Shangazi,

Samahani kwa kuchelewa, mitihani ya katikati ya muhula ilitubana. Safari hii kemia naielewa, kweli, hata mwalimu kashangaa. Karatasi ipo, usiwe na wasiwasi. Tutaonana sikukuu ya kuchinja inshallah. Msalimie mlozi.

Suheir


Amman
3 Mei 1996

Shangazi yangu,

Tumeonana siku nne na hatukuzungumza hata mara moja. Ulinikalisha jikoni tukakanda unga wa maamul, biskuti za tende za sikukuu, ukawa unaningoja niseme, nami nikawa nakusifia tende. Sasa nimefika huku na naweza kuandika nilichoshindwa kukitamka.

Karatasi sijaijaza. Tarehe ya mwisho ni Alhamisi, 16 Mei. Nimepanga foleni mara mbili na mara zote mbili nimetoka kabla ya kufika mbele. Aliyekaa dirishani ni Nabil wa Abu Ghaleb. Nabil yuleyule! Kaajiriwa hapa tangu mwaka jana. Ukijaza karatasi, yeye anauliza somo gani na alama gani, na unajibu palepale, foleni nzima inasikia. Jioni atampigia baba yake dukani. Wa pili chuo kizima, amefeli kemia. Baba ataliweka wapi lile koti?

Nimejaribu kupiga hesabu kama naweza kuvuka bila karatasi. Labda. Nikipata alama nzuri kila somo, labda. Nitajitahidi sana, Shangazi. Usinikasirikie.

Suheir


Khirbat al-Tin
7 Mei 1996

Suheir,

Safari hii sianzi na habari za mafua. Barua hii sikuipa posta. Nimempa dereva wa lori la nyanya anayekwenda soko kuu la Amman, akaapa kwa mama yake kwamba ataifikisha bwenini kwa mkono wake.

Sikuacha chuo ili nimtunze bibi yako. Nilifukuzwa. Mwaka 1977, kwa wastani wa 1.96.

Nilifeli takwimu, saa tatu. Nikairudia, nikapata B. Nilisoma mpaka ndotoni naota mafungu ya namba. Kilichobaki ilikuwa karatasi hiyohiyo unayoikimbia wewe. Na dirishani alikuwa amekaa mtu wa kwetu, binamu wa Abu Ghaleb, marehemu sasa, Mungu amrehemu. Mimi nilikuwa msichana wa kwanza kutoka Khirbat al-Tin kwenda chuo kikuu. Siku naondoka walinipigia vigelegele mpaka barabarani. Nitasimamaje mbele ya yule bwana niseme "nilifeli"? Nikapanga foleni mara tatu, moja zaidi yako. Mara ya tatu mbele yangu alibaki mtu mmoja tu. Yule msichana akamaliza, akageuka, dirisha likawa wazi, na mimi nikajifanya nimesahau kalamu. Nikatoka. Sikurudi.

Nikajiambia kama wewe, labda nitavuka bila karatasi. Sikuvuka. Bibi yako alianza kuugua mwezi uleule, nikarudi nyumbani, watu wakasema, "Mashaallah, kaacha masomo kwa ajili ya mama yake," nikawaachia waseme. Miaka kumi na tisa wananiheshimu kwa jambo ambalo sikulifanya. Ndiyo sababu nilikaa mlangoni nikanywa chai. Kumwambia baba yako kwamba 2.2 si wa pili kungenilazimu nimweleze nimejuaje. Nikailinda aibu yangu, nikakuacha wewe na yako peke yako. Naona haya kuliandika hili, lakini haya ya sasa ni ndogo kuliko ile.

Yule bwana wa dirishani, Suheir, wala sidhani alikuwa akinifahamu. Hakuwahi kuinua kichwa.

Nenda dirishani. Nakuomba, mwanangu, nenda.

Inshirah


Amman
Alhamisi, 16 Mei 1996

Shangazi,

Dereva wa nyanya alifika Jumamosi. Mlinzi wa bweni alimkatalia kuingia, akasimama getini anapiga kelele, "Barua ya Suheir! Nimeapa kwa mama yangu!" Nimeisoma barua yako mpaka karatasi imelegea. Nilikasirika siku moja. Siku ya pili nikalia. Siku ya tatu nikataka kuja kukukumbatia, lakini ungenifukuza kwa fimbo ya kuangulia zeituni.

Nimekwenda leo, siku ya mwisho. Foleni ilifika mpaka ngazini. Nilikuwa na kalamu mbili, moja mkononi na moja kwenye nywele, nisije nikapata kisingizio.

Nabil hakuinua kichwa. "Namba?" Nikamtajia. "Somo?" "Kemia ya kwanza." "Ulipata nini mara ya kwanza?"

"Nilifeli," nikasema. Sauti ilitoka kubwa kuliko nilivyokusudia. Hata wa ngazini walisikia.

Akagonga muhuri. Hapo ndipo aliposoma jina langu akanitazama. "Suheir wa Mufleh? Wa pili chuo kizima?"

"Ndiye mimi."

Akainamisha kichwa mezani akacheka mpaka mabega yakatikisika. Nilitamani ardhi inimeze. Kisha akanisogelea kwenye uwazi wa kioo akasema polepole, "Dada yangu, kemia hiyo mimi nimeirudia mara mbili. Mzee mpaka leo anadhani nilikuwa nafanya utafiti. Nenda zako, wewe hukuniona na mimi sikukuona."

Ndiyo hivyo tu, Shangazi. Hata dakika mbili haikuchukua. Nikatoka nje nikakaa kwenye ngazi, nikakufikiria wewe na kalamu yako, na moyo ukaniuma kwa ajili yako.

Nina ombi. Unakumbuka pointi zako na saa zako?

Suheir


Khirbat al-Tin
29 Mei 1996

Mwanangu, mwanangu, mwanangu,

Nimeisoma kinuni nimesimama. Alhamdulillahi. Ningekuwa najua kupiga vigelegele peke yangu bila watu kuniona kichaa, ningepiga.

Nakumbuka. Nitasahauje? Pointi tisini na nne, saa arobaini na nane. Kutoa zile saa tatu za F sikuwahi kujaribu. Kila nikifika hapo naweka kalamu chini.

Inshirah


Amman
22 Juni 1996

Shangazi yangu mpenzi,

Natumaini mama hakohoi tena na baba hajalivaa koti kiangazi. Matokeo yametoka leo asubuhi. Kemia nimepata C. Fizikia, saa nne kama kemia, C, Kiarabu B, maabara ya fizikia B, na hisabati, naomba usipige kelele, D. Nimefanya hesabu kwa madebe, kama ulivyonifundisha. Mihula yote miwili, pointi hamsini na sita. Bila ile karatasi zingegawanywa kwa saa ishirini na tisa: 1.93. Ningekuwa nafungasha mizigo sasa hivi. Kwa karatasi, saa ishirini na tano.

2.24. Muhuri wa onyo wameufuta. Nimebaki huku kwa masomo ya kiangazi, nataka niishike hisabati mapema.

Na hesabu yako nimeifanya. Nimeirudia mara nne, kisha nikamfuata Nabil akaifanya kwa mashine yake. Pointi tisini na nne, saa arobaini na tano. Ni 2.09.

Ulikuwa umefaulu, Shangazi. Ulikuwa umevuka. Nilitaka ulijue hili kutoka kwangu.

Mwanao,
Suheir


Khirbat al-Tin
27 Juni 1996

Mwanangu Suheir,

Mama yako hakohoi. Koti limetundikwa.

Hiyo namba yangu niliitazama mpaka chai ikapoa. Nililia kidogo, si kwa uchungu, na usiniulize zaidi. Kisha nikajitanda mtandio nikaenda kwa baba yako.

Nilimwambia yote, yangu na yako. Akauliza, "Basi zile dua nilizokuombea miaka yote kwa kumtunza mama?" Nikamwambia, "Mufleh, nilimtunza kweli. Dua zako zilikuwa halali." Akatikisa kichwa. Akauliza tena, "Na Suheir wangu si wa pili?" Nikamwambia, "Si wa pili. Alifeli kemia, akarudi akaipasua. Sasa ana mbili nukta mbili nne, na hiyo ni yake kabisa." Akafikiri. Akasema, "Mimi niligawa kunafa kwa mbili nukta mbili." Nikamjibu, "Basi kunafa ilitangulia tu." Akacheka, Suheir. Akacheka huku anajifuta macho.

Sasa sikiliza. Jumamosi, tarehe sita Julai, saa nne asubuhi, kaa karibu na simu ya bwenini. Nitakupigia kutoka dukani. Ndiyo, kwa Abu Ghaleb, saa ambayo duka limejaa. Baba yako nitamkalisha juu ya gunia la mchele. Nitakuuliza wastani wako, nawe utaje wote, pamoja na ile F ya mwanzo, kwa sauti ileile uliyoitoa dirishani.

Halafu uniulize wangu. Usinionee huruma, uliza kwa nguvu: "Na wewe Shangazi, walikufukuza kwa ngapi?" Nami nitakujibu, na Abu Ghaleb aache kupima sukari.

Shangazi yako,
Inshirah